Mambo ya kuzingatia kabla hujapanda pikipiki iliyobadilishwa pedi za breki

Kama pikipiki yako ina breki ya diski mbele na umetoka kufunga pedi mpya, usiondoke kwanza. Kuna mambo ya kukagua, na mengi hayamalizi hata dakika kumi.

Linganisha pedi mpya na za zamani kabla hujalipa. Usikubali kuambiwa "zinaingiliana". Badilisha zote mbili. Upande wa kusugua ndio uelekee diski. Mkono wenye grisi usiguse pedi wala diski. Kabla ya kurudisha ndani pistoni, vile vyuma vinavyosukuma pedi zibane diski, fungua kikopo cha mafuta ya breki kwenye usukani uangalie kimejaa kiasi gani, maana pistoni zikirudi mafuta hupanda na kumwagika, na yale mafuta yanakula rangi ya tanki.

Sasa jambo lenyewe. Bonyeza breki mpaka ikaze, pikipiki ikiwa imesimama.

Nilibadilisha pedi Lushoto asubuhi moja, abiria wangu ananisubiri nimshushe Mombo awahi basi. Fundi akamaliza, akapiga tanki kwa kiganja, akasema tayari. Nami sikuishika breki hata mara moja, nikatia gia nikaondoka. Tulipofika kwenye kona ya mteremko nikashika breki ya mbele, mkono wa breki ukaja wote mpaka ukagusa mpira wa usukani. Laini kabisa, kama hakuna kitu upande wa pili. Sikuwaza kuuachia na kubonyeza upya, nilizidi kuukamua. Nikakanyaga ya nyuma, tairi likaburuza, nikaona bora mtaro wa upande wa mlimani kuliko bonde. Yule mama alivunjika mkono. Basi lake liliondoka bila yeye.

Baada ya watu kumwahisha hospitali, niliishika tena ile breki. Mara ya kwanza, tupu. Ya pili ikakaza kidogo. Ya nne ikawa ngumu kama jiwe. Hakuna kilichokuwa kimeharibika! Pedi mpya ni nene, kwa hiyo fundi husukuma pistoni ndani ili ziingie, na nafasi hubaki kati ya pistoni na pedi. Mbonyezo wa kwanza unaishia kuziba nafasi hiyo tu, diski haijabanwa. Mara nne za kubonyeza pale gereji, na yule mama angefika Mombo.

Ikishakaza, sukuma pikipiki kwa miguu, ishike, uone inasimama. Fanya mwenyewe, hata kama fundi ni ndugu yako.

Kama umebonyeza na bado inanesa, au inakaza kisha baada ya muda inalegea tena, kuna upepo ndani. Utolewe mpaka mafuta yatoke bila mapovu. Ukiishikilia na inazama polepole, tafuta panapovuja, na kama hakuna, mpira wa ndani ya masta silinda, ile pampu ya mafuta ya breki kwenye usukani, umechoka. Ikiwa ngumu lakini pikipiki haisimami, shuku pedi zenye mafuta au zilizofungwa kinyume. Ukiongeza mafuta ya breki, soma aina yake kwenye mfuniko wa kikopo: ukiandikwa DOT 4, weka DOT 4. Oili ya injini usiweke kamwe, inavimbisha mipira yote ya breki.

Siku mbili tatu za mwanzo pedi hazijakaa sawasawa na diski, hivyo hazishiki kwa nguvu yake yote. Nenda polepole, shika breki mapema, acha nafasi na gari la mbele. Mteremko usiuanze siku hiyo. Abiria pia asubiri mpaka umezunguka peke yako mahali tambarare, na kama ana haraka, mwitie mwenzako ampeleke.