Homa kwa mwenye ugonjwa wa vali za moyo: damu kwanza, dawa baadaye

Mgonjwa wa vali akifika kituoni Moshi au Arusha na homa ya zaidi ya wiki moja, usikimbilie seftriaksoni (sindano ya kuua bakteria): huenda ana maambukizi ya bakteria kwenye vali, na dawa ikitangulia huenda wasionekane kwenye damu. Vali nyingi zinazoshambuliwa huku kwetu zina makovu ya homa ya baridi yabisi, iliyoanzia kwenye maumivu ya koo ya utotoni. Bakteria hujishikiza hapo.

Malaria ikiwa hasi, sikiliza moyo, kagua kucha na macho, pima mkojo kama una damu. Kisha toa damu ya kuotesha, yaani ya kutiwa kwenye chupa maalumu ili bakteria wakiwemo waote. Safisha ngozi kwa klorheksidini yenye spiriti, iache ikauke, usiiguse tena. Futa pia vizibo vya chupa. Kwa mtu mzima, jaza mililita 8 hadi 10 kila chupa. Damu kidogo ndiyo sababu ya majibu mengi hasi ya uongo. Rudia mara 3 kwenye mishipa tofauti, ya kwanza na ya mwisho zikipishana saa 1. Usivute kwenye kanula (mrija wa mshipani) ya jana. Chupa zisiwekwe kwenye friji.

Presha ikishuka, usingoje saa: chukua seti 2 (damu ya michomo miwili) upesi, anza dawa, mpe rufaa akapigwe eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti).

Uliza kwa upole kama alimeza amoksilini (nayo huua bakteria) ya dukani (wengi huficha), uandike kwenye fomu. Uliza pia kuhusu mifugo, hasa kama amezalisha mbuzi: homa ya Q, ambayo watu huipata kwa mifugo, imeshapatikana kwa wagonjwa waliolazwa Moshi, na kijidudu chake hakioti kwenye chupa hizi.