Kabla Hujahamia kwa Familia ya Kikorea

Unakwenda Korea Kusini kusoma lugha na kuishi na familia ya huko: swali ukiwauliza kwa ujumbe wiki mbili kabla ya safari ni utaratibu tu. Likiulizwa mezani wiki ya tatu, limeshakuwa lalamiko. Nyumba nyingi za Kikorea huthamini nunchi, yaani ustadi wa kusoma hali bila kuambiwa, na mgeni asiyejua lugha ndiye mwenye nunchi ndogo kuliko wote. Kwa hiyo yamalize maswali kabla hujatuma hela.

La kwanza ni karatasi ya makazi, maana hiyo ndiyo inayokwamisha watu. Mwenye viza ya D-4, ambayo ndiyo ya wanafunzi wa lugha, lazima ajiandikishe ofisi ya uhamiaji ndani ya siku 90 tangu kuingia, na atatakiwa kuonyesha anakoishi. Nyumba haiko kwa jina lako, hivyo mwenyeji hukujazia hati iitwayo geoju sukso jegong hwaginseo, ya kuthibitisha kwamba anakupa makazi, na kuiambatanisha na nakala ya kitambulisho chake na ya mkataba wa nyumba. Zipo familia zinazopangisha chumba lakini hazitaki jina lao lifike serikalini. Uliza waziwazi: mtanijazia hati hiyo? Jibu likiyumba, tafuta nyumba nyingine, hata kama chumba ni kizuri. Bila kadi ya ukaazi, ile inayotolewa ukishajiandikisha, kupata laini ya simu ya mkataba kwa jina lako na akaunti ya benki ni kazi ngumu, na huduma nyingi za mtandaoni kule humtambua mtu kwa laini yake. Miadi ya uhamiaji iweke wiki ya kwanza, kwa kuwa Machi na Septemba nafasi hujaa upesi. Ukihama, toa taarifa ya anwani mpya ndani ya siku 15.

Ukiwa bado nyumbani, ulizia ubalozi wa Korea ulio Nairobi au Dar es Salaam kama unahitaji cheti cha kipimo cha kifua kikuu, na ni hospitali zipi wanazozikubali. Bima ya afya ya taifa humwingiza mwanafunzi wa D-4 baada ya miezi sita, basi nunua bima binafsi ya kukuvusha kipindi hicho.

Kwenye malipo, angalia kalenda. Muhula wa kawaida wa shule za lugha za vyuo vikuu ni wiki 10, saa 200, na huanza Machi, Juni, Septemba na Desemba. Nyumba hulipiwa kwa mwezi. Wiki 10 ni miezi miwili na zaidi kidogo: je, hicho kidogo kinatozwa mwezi mzima? Notisi ya kuhama ni siku ngapi, na amana inarudi lini? Kisha uliza kuhusu Seollal na Chuseok, sikukuu mbili ambazo familia nyingi huenda kwa wazee. Utakwenda nao au utabaki, na ukibaki utakula nini? Umbali nao usiupime kwa kilomita. Uliza jina la kituo cha treni na namba ya mlango wa kutokea, halafu pima safari ya saa mbili asubuhi, kwa sababu madarasa mengi huanza saa tatu.

Hangul ijue kabla ya kupanda ndege. Herufi za msingi ni 24, na wiki mbili za bidii zinatosha. Mashine ya kufulia na kidude cha ukutani cha kupasha nyumba joto vyote vimeandikwa kwa herufi hizo: onsu ni maji ya moto, nanbang ni joto la sakafu, oechul ni hali ya kuwekwa watu wakitoka.

Sasa lugha yenyewe, ambayo ndiyo sababu ya kuishi na familia. Mama wa nyumba atakuuliza “Bap meogeosseo?”, umekula? Hiyo ni banmal, kauli ya mkubwa kwa mdogo. Utaisikia kutwa, utaizoea, na siku moja utamrudishia yeye mwenyewe. Ni kama mtoto anayewasikia wazee wakisema “marahaba” mchana kutwa, naye akakutana na bibi akamwanza kwa “marahaba”. Jibu kila kitu kwa kumalizia na -yo, kiishio cha heshima. Muite eomeoni, yaani mama, au imo, ambaye ni mama mdogo au mama mkubwa wa upande wa mama. Ajumma, neno la kumwita mwanamke wa makamo asiye ndugu, usiliguse. Kariri manne: danyeo ogesseumnida unapotoka, danyeo wasseumnida unaporudi, jal meokgesseumnida kabla ya kula, jal meogeosseumnida ukimaliza. Anayeingia kimya na kupita chumbani huonekana ana hasira.

Wanafunzi wa Afrika Mashariki wana jambo lao hapa: familia ikijua unaongea Kiingereza, itataka uzungumze na watoto, na miezi sita itaisha Kikorea chako kikiwa kilekile. Kubaliana mapema kwamba mezani ni Kikorea tu. Ukipendekezewa kufundisha ili upunguziwe kodi, kataa. Malipo ya aina hiyo huweza kuhesabiwa kazi isiyo na kibali, na mwenye D-4 haruhusiwi kuomba kibali cha kazi za muda kabla ya miezi sita.

Chakula kwa kawaida ni asubuhi na jioni. Ukisema tu “sili nguruwe” hujamaliza, kwa sababu mwenyeji atakuondolea vipande vya nyama na kukupa mchuzi uleule. Taja vitu kimoja kimoja: nyama, soseji, mchuzi wa mifupa, na mvinyo wa kupikia unaotiwa kwenye viungo vya nyama. Asiyekula vya baharini ana kazi zaidi: kimchi hutiwa maji ya samaki au uduvi wa chumvi, na supu nyingi huanzia kwenye dagaa. Wali huliwa kwa kijiko, na vijiti havisimamishwi ndani ya bakuli la wali, maana hukumbusha matambiko ya marehemu. Subiri mkubwa ainue kijiko kwanza. Ukichelewa kurudi, tuma ujumbe wa KakaoTalk kabla hajaanza kupika.

Bafuni mara nyingi hakuna pazia na sakafu yote hulowa, kwa hiyo zipo ndara za humo humo. Usitoke nazo. Mwenye nywele za kusuka asafishe chujio la sakafuni kila akioga, kwa kuwa nyuzi za rasta huziba haraka kuliko nywele za wenyeji. Chukua foronya yako kama unatumia mafuta mengi. Joto la ondol hupita kwenye mabomba chini ya sakafu na huja polepole. Kulipandisha hadi nyuzi joto 28 hakuliharakishi, kunachoma gesi tu, na bili huonekana. Taka za chakula hutengwa, ila mifupa na maganda ya mayai huenda kwenye mfuko wa taka za kawaida, ule unaonunuliwa dukani.

Zawadi: majani ya chai, kahawa iliyokaangwa, au kanga ambayo umejiandaa kueleza jina lake. Nyama ya aina yoyote na matunda mabichi viache, faini ya nyama isiyotangazwa inaweza kufika mamilioni ya won. Dawa zenye kodeini zinahitaji kibali kabla. Beba adapta, kwani soketi zao ni za pini mbili za mviringo, na viatu vya kutosha kama mguu wako unazidi milimita 280.

Korea iko mbele kwa saa sita. Waambie wa nyumbani kwamba simu ya saa mbili usiku inakukuta saa nane usiku, na kuta ni nyembamba.

Usiku wa kufika, uwe na anwani kwa Hangul pamoja na namba ya jengo na ya nyumba, na ujue kufungua mlango: funika kitasa kwa kiganja namba ziwake, bonyeza namba ya siri, malizia na nyota. Namba hiyo usimpe rafiki, hata wa darasani.