Vyombo vya Kupimia Mafuta ya Maziwa ya Mifugo na ya Mimea

Anayetaka kulinganisha mafuta ya maziwa ya ng'ombe wa Molo, ya mbuzi wa aina ya Toggenburg, ya soya iliyolimwa Butere na tui la nazi linalouzwa sokoni Nakuru, aanze kwa kujiuliza kama chombo alichonacho kinaweza kuyapima yote kwa haki. Maabara nyingi za maziwa zina butirometa, na ndiyo watu hukimbilia. Ni chombo kizuri kwa kazi kiliyotengenezewa, lakini kazi hiyo ni maziwa ya mifugo.

Butirometa ni chupa ya kioo yenye shingo nyembamba iliyochorwa vipimo, na hutumika kwa njia iliyobuniwa na mwanakemia wa Uswisi, Niklaus Gerber, mwishoni mwa karne ya 19. Tia kwanza mililita 10 za asidi ya salfuriki yenye nguvu ya takriban asilimia 90. Kisha, kwa pipeti (mrija wa kupimia) ya mililita 10.75, teremsha maziwa polepole yakipitia ukutani mwa chupa ili yakae juu ya asidi bila kuchanganyika nayo, halafu ongeza mililita 1 ya alkoholi ya amili. Ziba kwa kizibo cha mpira, funga chupa kwa kitambaa kizito, kwa kuwa itapata joto kali mara moja, kisha itikise hadi chembe nyeupe zote ziyeyuke. Miwani ya kukinga macho, glavu na koti la maabara viwe vimevaliwa kabla chupa ya asidi haijafunguliwa. Chupa izungushwe kwenye sentrifuji, yaani mashine inayozungusha kwa kasi ili mafuta yajitenge, kwa dakika 5, ikae dakika nyingine 5 katika maji ya nyuzi 65, kisha usome kipimo chupa ikiwa wima na jicho likiwa sawa na usawa wa mafuta. Vipande vyeusi chini ya safu ya mafuta huonyesha kwamba asidi ilikuwa kali mno. Ute mweupe huonyesha kwamba ilikuwa dhaifu.

Tatizo ni kwamba vipimo vya shingoni vilichorwa kwa kufuata uzito wa mafuta ya maziwa ya ng'ombe na ujazo wa maziwa hayo. Maziwa ya mimea yana wanga na sukari ambavyo asidi huviunguza vikawa masizi, na mstari wa mafuta ukapotea ndani yake. Tui zito, ambalo mafuta yake yanaweza kufikia asilimia 20, hupita kabisa mwisho wa butirometa ya kawaida inayoishia 7 au 8. Niliwahi kuandika katika daftari namba ya soya iliyosomwa kwa butirometa na kuiweka kando ya ile ya ng'ombe, na hadi leo nasikitika kwamba mwanafunzi mmoja aliinakili kabla sijaifuta.

Kwa hiyo, kwa ulinganisho wa kweli, mafuta yatolewe kwa etha na yapimwe kwa mizani. Njia hii hujulikana kwa majina ya Röse na Gottlieb. Inahitaji mizani inayosoma hadi sehemu ya kumi ya miligramu, chupa ya kutolea mafuta yenye kizibo kinachobana, chupa ndogo ya kukusanyia, bafu la maji, oveni ya nyuzi 102 na desiketa ya kupoozea chupa bila kunyonya unyevu. Pima gramu 10 za maziwa, ongeza mililita 2 za amonia na 10 za ethanoli, kisha mililita 25 za etha ya diethili na 25 za etha ya petroli, ukitikisa baada ya kila kimoja. Tabaka la juu likitulia, limimine katika chupa iliyokwisha kukaushwa na kupimwa. Rudia utoaji huo mara mbili zaidi, ukaushe, na upime tena hadi uzito usibadilike. Fanya pia jaribio moja bila maziwa ili uondoe uzito wa mabaki ya kemikali zenyewe. Kwa tui zito punguza kiasi, na kwa maziwa ya shayiri au nafaka nyingine chemsha kwanza sampuli kwa asidi ya hidrokloriki, kwa sababu baadhi ya mafuta yamefungwa ndani ya wanga na protini.

Hapa kuna jambo ambalo vitabu vilivyoandikwa pwani ya bahari havisemi. Etha ya diethili huchemka kwenye nyuzi 34.6 katika usawa wa bahari, lakini Nakuru, kwenye mita zipatazo 1,850, huchemka karibu na nyuzi 29, na Kisumu karibu na 31. Mchana wa jua kali Kisumu, chupa iliyowekwa dirishani inaweza kuanza kutoa mapovu na kizibo kikaruka. Ihifadhiwe mahali pa baridi na giza, moto wowote usiwashwe chumbani, na mvuke wote utoke kwenye bafu la maji kabla chupa haijaingia ovenini. Chupa ya etha iliyokaa muda mrefu ikiwa imefunguliwa isitumike, kwani hujenga peroksaidi zinazoweza kulipuka.

Majibu yote yaandikwe kwa gramu 100. Lebo za dukani mara nyingi huandika kwa mililita 100, na kwa kuwa maziwa ya ng'ombe ni mazito kidogo kuliko maji, asilimia 3.5 kwa uzito huwa gramu 3.6 kwa mililita 100.

Ukitaka kujua aina ya mafuta, na si kiasi chake tu, refraktomita, yaani chombo kinachopima jinsi mwanga unavyopinda ndani ya mafuta, yenye maji ya nyuzi 40 inatosha kwa kuanzia: mafuta ya maziwa ya ng'ombe husoma takriban 1.453 hadi 1.456, ya nazi 1.448 hadi 1.450, na ya soya 1.466 hadi 1.470. Mashine ya kromatografia ya gesi, inayotenganisha asidi za mafuta moja moja, huonyesha zaidi. Asidi ya butiriki hupatikana katika mafuta ya maziwa ya wanyama wanaocheua, wala haimo katika soya wala nazi, na kuwapo kwake katika chupa iliyoandikwa maziwa ya mimea ni sababu ya kurudia kipimo kwa sampuli mpya.