Kufunga umeme wa trela kwenye gari: kwa wanaovuta boti au karavani Mombasa

Nimetoka kumfungia shemeji yangu soketi ya trela ili avute boti yake hadi Mtwapa, na maswali aliyoniuliza ni yale yale ninayoulizwa na kila mtu. Nachukulia chuma cha kuvutia kimeshafungwa, na kwamba hugusi waya kabla ya kuchomoa nyaya za betri.

Hatua ya 1: Soketi

Trela ya taa tu inatosha soketi ya pini 7, ile ya 12N. Karavani yenye friji na betri yake inataka pini 13. Karavani kuukuu kutoka Uingereza huja na plagi mbili za pini 7: 12N ya taa, na 12S ya umeme wa ndani. Mimi huweka pini 13 hata kwa trela ya boti, kwa sababu plagi yake huzungushwa ikajifunga na maji hayaingii ovyo. Trela ya pini 7 ukiipata, adapta zipo.

Tahadhari kwa wanaonunua vipuri vya malori Changamwe: soketi ya lori ni ya volti 24 na pini zake zimepangwa vingine. Pini namba 1 kwenye lori ni ethi (njia ya umeme kurudi kwenye betri), kwako ni indiketa ya kushoto.

Hatua ya 2: Moduli ya rilei

Nunua. Ni kisanduku cha swichi za umeme (rilei) kinachowasha taa za trela. Bila hicho, balbu mbili za breki za trela, za wati 21 kila moja, zinaongeza takriban ampea 3.5 kwenye waya na swichi ambazo hazikutengenezwa kwa mzigo huo, na gari lenye taa za LED au kompyuta ya kukagua balbu litalalamika kwenye dashibodi. Moduli huchukua ishara tu kutoka taa za gari. Nguvu inaitoa kwenye betri moja kwa moja, kupitia fyuzi iliyo karibu na betri. Fundi akikwambia unganisha juu kwa juu kwa vile vibano vya plastiki vinavyokata ganda la waya, mkatalie. Kwa hewa yetu ya chumvi, shaba ndani yake hugeuka kijani upesi. Piga lehemu, kisha funika kwa mpira unaojibana kwa joto.

Hatua ya 3: Waya

Pini 7 za 12N: 1 indiketa ya kushoto (manjano), 2 taa ya ukungu (buluu), 3 ethi (nyeupe), 4 indiketa ya kulia (kijani), 5 taa ndogo ya kulia (kahawia), 6 breki (nyekundu), 7 taa ndogo ya kushoto (nyeusi). Kwenye pini 13, saba za mwanzo ni hizo hizo. Trela iliyochomelewa hapa mtaani usiamini rangi. Pima kila waya kwa testa.

Hatua ya 4: Ethi

Hapa ndipo watu hupoteza siku nzima. Unawasha indiketa ya kushoto, taa ndogo za pande zote nazo zinapepesa. Unakanyaga breki, indiketa inafifia. Fundi anabadilisha balbu, halafu rilei, halafu anaanza kuilaumu moduli. Balbu ni nzima. Umeme umekosa njia ya kurudi kwenye betri, kwa hiyo unapitia kwenye balbu nyingine kutafuta ethi ya jirani.

Usitegemee fremu ya trela. Bolti zina kutu, rangi huzuia umeme, na pale kichwa cha trela kinapokalia chuma cha gari kumejaa grisi. Vuta waya wa ethi wake peke yake kutoka kila taa hadi pini 3, unene usipungue milimita mraba 2.5. Upande wa gari, kwaruza rangi hadi chuma king'ae, funga kwa bolti na nati (si skrubu ya bati), kisha paka rangi juu yake. Bolti za mkanda wa kiti na za tangi la mafuta usiziguse.

Kupima: rudisha betri, washa taa zote, weka mita kwenye volti za DC. Ncha nyeusi kwenye hasi ya betri (utahitaji waya mrefu), nyekundu kwenye ethi ya taa ya trela. Ikisoma zaidi ya nusu volti, kuna tatizo. Rudi nyuma na ncha nyekundu: pini 3 ya plagi, pini 3 ya soketi, bolti ya bodi. Pale volti zinaposhuka ghafla, ubovu uko kati ya hapo na ulipotoka.

Kwenye pini 13 kuna ethi tatu: 3 ya taa, 11 ya friji, 13 ya umeme wa kudumu. Usiziunganishe pamoja upande wa trela, hata ukiona ni kuokoa waya.

Hatua ya 5: Friji

Iwe na rilei inayokata injini ikizimwa. Bila hiyo, foleni ya feri Likoni itakumalizia betri kabla hujavuka.

Hatua ya 6: Kujaribu

Mtu mmoja akanyage breki, mwingine asimame nyuma. Paka pini vaselini kidogo.

Wenye boti: chomoa plagi kabla ya kurudisha trela majini. Balbu iliyopata moto hupasuka ikikutana na maji, na pini yenye umeme ndani ya maji ya chumvi huliwa haraka kuliko iliyozimwa.