Majani ya maua ya ndani yanageuka njano? Angalia yameanzia wapi kabla hujanunua mbolea

Haya wapenda maua, leo somo ni njano. Kila mtu akiona njano anakimbilia mbolea, mimi mwenyewe nilishaua mani planti ya miaka minne hivyo hivyo, yenyewe inazama kwenye maji mi naiongezea NPK (mbolea ya naitrojeni, fosforasi na potasiamu).

Kwa hiyo kwanza chomeka kidole kwenye udongo. Ukikuta tope linanuka uvundo hiyo sio njaa, mizizi inaoza na mzizi uliooza haunyonyi kitu hata umwage gunia zima. Toboa kopo chini, acha udongo ukauke, mbolea sahau kwanza.

Udongo ukiwa poa, ya pili ndo yenye kazi, tazama njano imeanzia wapi. Majani ya chini, yale mazee, yamekuwa njano jani zima na mmea umedumaa, hapo naitrojeni imepungua, mmea unaichota kwa wazee unawapelekea wachanga. Ni ya chini ila mishipa imebaki kijani, imepungua magnesiamu. Kingo zinaungua kahawia, mara nyingi potasiamu (ila chumvi ikizidi kwenye udongo inafanana sana, usikurupuke). Sasa kama vijani vipya vya juu ndo vinatoka njano na mishipa ya kijani, hapo imepungua chuma, maana chuma ikishakaa kwenye jani haihami.

Tatu dawa. Naitrojeni na potasiamu, NPK 17:17:17 ya duka la pembejeo inatosha, robo kijiko cha chai kwa lita ya maji, loweka usiku kucha, mwagia udongo ukiwa na unyevu, mara moja kwa mwezi basi. Magnesiamu, chumvi ya Epsom (magnesiamu salfeti, sio chumvi ya kupikia) kijiko kimoja cha chai kwa lita. Jani lililokwisha kuwa njano halirudi, we angalia yanayokuja.

MASWALI

– Mwalimu yangu njano iko juu na mishipa kijani, nimeweka mbolea mara tatu wapi! Natumia maji ya kisima, niko Kigamboni.

Dada hapo nashuku maji. Maji magumu (yenye chokaa nyingi) yanapandisha pH, yaani udongo unapoteza uchachu, chuma ipo kwenye udongo ila mmea hauwezi kuichukua. Kinga maji ya mvua umwagilie hayo, na tafuta busta (mbolea ya kupulizia majani) yenye Fe, yaani chuma, upulizie jioni. Kama unaweka majivu acha kabisa, yanazidisha.

– Masalia ya chai je? Bibi alikuwa anamwaga kwenye maua yote na yalinawiri.

Ya bibi yalikuwa nje ardhini, shosti. Ndani kwenye kopo yanaota ukungu na vijinzi, na chai ikiwa na sukari umealika sisimizi nyumba nzima. Ozesha kwanza iwe mboji.

– Mkuu nimeshaweka urea ya shamba kijiko kizima jana kwenye kikopo kidogo 😬

Duh! Urea ni naitrojeni 46% hiyo. Okota chembe zote unazoziona, halafu mwagia maji mengi yatokee chini, kama mara mbili ya ujazo wa kopo. Fanya sasa hivi, usisubiri kesho.