Paa la asbesto: weka nyundo chini kwanza

Kama nyumba yako ni ya miaka ya 70 au 80 na paa lake ni la kijivu, zito, lenye mawimbi na halishiki kutu, usipande na nyundo: huenda ni la asbesto, yaani nyuzi za jiwe zilizochanganywa na saruji. Mimi niliezeka paa za namna hiyo Mombasa kuanzia 1984 hadi 2001: nyumba za wafanyakazi, madarasa, maghala. Tulikata kwa msumeno wa mkono, na jioni nyusi zangu zilikuwa nyeupe kama za mtu aliyetoka kinuni. Msimamizi wetu alitupa pakiti ya maziwa kila mmoja, eti yasafishe kifua. Maziwa yanakwenda tumboni. Vumbi lilikuwa limekwenda kwingine.

Chukua kipande kilichovunjika zamani, kiloweshe maji, kisha tazama ukingo wake bila kukikwangua. Utaona nyuzi fupi zimejitokeza kwenye saruji. Hata hivyo, jicho halitoshi, kwa sababu kuna karatasi mpya za paa za saruji zenye nyuzi nyingine zinazofanana nazo kabisa. Maabara ndiyo yenye neno la mwisho. Kabla ya jibu, hesabu kuwa ni asbesto.

Unajua uzi wa katani unavyochanika kwa urefu, mmoja ukawa mbili, mbili zikawa nne? Asbesto ni jiwe linalochanika hivyo hivyo, mpaka uzi unakuwa mwembamba kuliko unywele mara nyingi mno. Vumbi la kawaida hunaswa na kamasi, ukalikohoa na kulitema. Uzi huu hulala sambamba na hewa ukapita hadi kwenye vifuko vidogo mwisho kabisa wa mapafu. Huko kuna seli walinzi, kazi yao kumeza uchafu. Seli hujaribu kuumeza uzi, lakini uzi ni mrefu kuliko yenyewe. Inashindwa, inamwaga kemikali zake, na nyama ya pembeni inavimba. Hata seli ikifa, uzi haujaondoka, kwa hiyo anakuja mlinzi mwingine. Kila uvimbe unaacha kovu, na mapafu yaliyojaa makovu hukakamaa, hayatanuki tena. Huo ndio ugonjwa wa asbestosi.

Nyuzi nyingine husogea hadi kwenye utando unaofunika mapafu. Uvimbe wa miaka mingi huharibu seli, na hapo huanza saratani: ya mapafu yenyewe, au ya utando, inayoitwa mesothelioma. Mwaka 1960 Dkt. J. C. Wagner na wenzake walieleza wagonjwa 33 wa mesothelioma Afrika Kusini, karibu wote wakihusishwa na asbesto ya buluu, aina mojawapo iliyochimbwa jimbo la Cape. Baadhi yao hawakuwahi kushika sururu, waliishi tu karibu na migodi. Dalili huchukua miaka 20 hadi 40 au zaidi kujitokeza, ndiyo maana sisi tulijiona wazima.

Sasa paa lako. Likiwa zima, liache. Usilitoboe kwa ajili ya dishi la televisheni, wala usilikwangue ukungu kwa brashi ya waya. Likiwa limechakaa, tafuta watu wenye kibali. Kenya, asbesto inahesabiwa kuwa taka hatari, na NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, ndiyo inayotoa leseni za kuibeba. Wakija, simama mbali uwatazame: walowanishe paa kwa maji yenye sabuni kidogo, wafungue skrubu badala ya kuvunja, washushe kila karatasi kwa mikono bila kuitupa, waifunge kwa nailoni nzito mara mbili. Barakoa ya kitambaa haizuii nyuzi hizi, inatakiwa yenye kichujio cha P3 (daraja la juu la kuchuja vumbi), iliyobana usoni. Wakishika ufagio mkavu, simamisha kazi. Sakafu ipanguswe kwa tambara bichi, na tambara lifungwe pamoja na taka. Vipande visibaki uani, maana watoto huvitumia kama chaki.

Nguo za kazi zisiingie nyumbani. Hili linaniuma kuliko yote. Mke wangu alikuwa akikung'uta shati langu kila jioni mlangoni kabla ya kulifua, na wako wanawake waliopata mesothelioma kwa kufua tu.

Kama ulifanya kazi hii, acha sigara leo, kwa sababu sigara na asbesto pamoja huzidisha hatari ya saratani ya mapafu kuliko kila kimoja peke yake. Mimi nilipoanza kuhema nikipanda ngazi, hospitali ya kwanza ilinitibu kifua kikuu miezi sita. Hakuna aliyeniuliza nilikuwa nafanya kazi gani, na mimi sikusema. Wewe andika kwenye karatasi: miaka uliyofanya, ulikata au ulibeba, ndani au nje. Mpe daktari karatasi hiyo kabla hajakupeleka kwenye picha ya kifua.