Una digrii isiyo ya ualimu? Anza na transkripti

Ndugu zangu wa Kigoma mnaojitolea kufundisha na digrii za fani nyingine, msirudi kusoma shahada nzima upya. Ipo Stashahada ya Uzamili ya Elimu, kozi ya ualimu kwa mwenye digrii tayari, wengi tunaiita PGDE. Chuo Kikuu Huria wanayo, na kituo chao kipo hapa hapa mkoani, huna haja ya kuhamia Dar.

Ila kabla hujalipa hata senti, toa transkripti yako, ile karatasi ya chuo yenye kozi na alama zako, uisome mstari kwa mstari uone una kozi za somo gani la kufundisha. Ajira za ualimu zinatangazwa kwa somo: Hisabati, Fizikia, Kemia, Jiografia. Mdogo wangu wa Ujiji tulikaa naye jamvini na kalamu nyekundu, tukapigia mstari kila kozi ya hesabu aliyosoma kwenye digrii yake ya uhasibu. Zilikuwa chache mno. Afadhali alijua mapema, akaenda kuuliza kituoni somo gani linamfaa.

Na kule shuleni unakojitolea, omba mwalimu mzoefu akufundishe kuandaa azimio la kazi (mpango wa mada za muhula au mwaka) na andalio la somo (mpango wa kipindi kimoja) sasa hivi. Mazoezi ya kufundisha ya PGDE yakifika, hutahangaika nayo usiku kucha.